Jinsi ya kuzisoma medali za rubani wa vita ulizozikuta kwenye mkebe nyumbani

Nyumba nyingi za huku kwetu Malindi, na Lamu pia, zina mkebe. Ule wa bati wa biskuti, ndani mna vifungo, sindano, risiti za zamani, funguo ambazo hakuna anojua zafungua mlango gani, na chini kabisa kuna vyuma vyenye tepe za rangi rangi. Kwetu vilikuwa kumi na mbili.

Babangu alikuwa mpishi wa mzee mmoja wa Kizungu, rubani wa ndege za kivita mstaafu, alokuwa na nyumba njia ya baharini, watu wakimwita Bwana Ndege. Kabla hajapelekwa hospitali asirudi tena alimpa babangu medali zake kwa mkono wake mwenyewe. Sasa upande mwengine ndugu yake babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki, alienda Uhabeshi, akaenda Burma, akarudi na medali zake, na mama akazitia zote kwenye mkebe mmoja manake zafanana. Watu wawili, vita vimoja, mkebe mmoja. Imenichukua miaka kuzitenganisha na kujua kila moja yasema nini, na hapa nataka nikueleze nilivyofanya ili wewe usichukue miaka.

Kabla ya yote, USISUGUE. Nasema hivi kwa uchungu. Nikiwa na miaka kumi na nne, Idi imekaribia, nyumba yasafishwa, nikachukua jivu na ndimu kama tunavyosafisha sinia za shaba, nikausugua ule msalaba wa fedha mpaka ukang'ara kama mpya. Mama alifurahi. Nilichokuwa sijui ni kwamba nyuma ya msalaba ule, mkono wa chini, kulikuwa na mwaka umechongwa kwa sindano nyembamba sana, na mimi nikaula. Tarakimu ya mwisho haisomeki vizuri mpaka leo, ni 2 au ni 3, na kwa sababu hiyo baadae nilibidi nitafute kumbukumbu za miaka miwili badala ya mmoja. Weusi wa fedha na ukijani wa shaba ni sehemu ya umri wake. Uache.

Unachofanya ni hivi. Nawa mikono, ikauke kabisa, manake jasho lina chumvi na chumvi ndo adui. Tandika kitambaa cheupe cha pamba mezani karibu na dirisha, sio juani. Toa moja moja ukishika kwa ukingo. Kabla hujasogeza kitu piga picha na simu: mbele, nyuma, ukingo, na utepe pande zote mbili, hata kama utepe umeoza umekuwa kama uzi. Hasa kama umeoza. Usiutupe, ntakwambia kwa nini mbele huko. Na kama kuna kiboksi cha karatasi, bahasha, kijikaratasi chenye orodha, chochote, weka pamoja na picha yake pia.

Baada ya hapo elewa tofauti hii moja ambayo ikikuingia mengine yote yanakuwa mepesi. Kuna nishani na kuna medali za vita. Nishani apewa mtu kwa kitendo chake, au kwa kazi ya muda mrefu aliyoifanya vizuri kuliko wenzake, kuna aliyempendekeza na kuna mahali jina lake lilichapishwa. Medali za vita, hizi nyota za shaba na zile sarafu kubwa, apewa kila aliyekuwa mahali fulani wakati fulani kwa siku za kutosha. Kwa hiyo nishani yakwambia alifanya nini, nyota zakwambia alikuwa wapi. Ukizisoma pamoja kutoka kushoto kwako kwenda kulia zinasomeka kama sentensi, manake mpangilio una sheria, nishani kwanza, nyota zafuata kwa utaratibu wake, halafu zile za duara mwisho.

Tuanze na msalaba. Kwa rubani wa Uingereza na makoloni yake nishani utakayoikuta zaidi ni DFC, Distinguished Flying Cross, msalaba wa fedha ambao mikono yake ukiitazama vizuri ni mapanga ya propela, na katikati kuna herufi RAF, yaani jeshi la anga la Uingereza. Utepe wake una mistari ya zambarau na nyeupe iliyokwenda mshazari, sio wima. Nyuma katikati kuna alama ya mfalme na mwaka 1918. Hapa watu wengi wanapotea, wanadhani babu alipigana Vita vya Kwanza. La. 1918 ndo mwaka nishani yenyewe ilipoanzishwa, zote zina mwaka huo. Mwaka wa mwenyewe kupewa ni ule uliochongwa mkono wa chini, ule nilioula mimi kwa ndimu.

Jina hutaliona. DFC za Vita vya Pili zilitolewa bila jina, na nyota za shaba za Waingereza vilevile, hazina jina, hazina namba, kitu. Hili ndo jambo lililonishtua kuliko yote nilipoanza. Mtu karuka miaka mitano, kapona, kapewa msalaba, na msalaba haumjui. Ukiutoa kwenye boksi lake ukautenganisha na karatasi zake umebaki chuma kizuri tu. Kwa hiyo usiwape watoto wachezee, usigawe moja kwa shangazi na moja kwa ami, zikae pamoja.

Juu ya utepe wa DFC ukikuta kipande cha fedha cha kulala, hicho ni baa, maana yake alipewa mara ya pili. Vita vya Pili zilitolewa DFC zaidi ya 20,000, lakini baa ya kwanza zilikuwa chache mno ukilinganisha, na waliopata baa mbili wanahesabika kwa makumi tu. Usitetemeke kwa hiyo 20,000 ukadhani ni nishani ya kawaida, kumbuka ilikuwa ni ya marubani wa aina zote na wale wanaoruka nao kwenye ndege za mabomu, na wengi walioipata hawakufika mwisho wa vita.

DFC ilikuwa ya maafisa na wale wa cheo cha warrant officer, kilicho chini tu ya afisa. Sajini aliyeruka ndege ileile, mbingu ileile, akapigwa risasi zilezile, yeye alipewa DFM, Distinguished Flying Medal, medali ya fedha yenye umbo la yai, utepe wa rangi zilezile ila mistari myembamba zaidi. Zilitolewa kama 6,600 tu vita nzima. Mimi naona hapo palikuwa na dhulma, na wao wenyewe waliliona mwishowe manake mwaka 1993 waliifuta DFM na sasa msalaba ni wa wote. Ila DFM ina faida moja kwetu sisi watafutaji, ukingoni ina namba, cheo na jina vimeandikwa. Ukiikuta DFM umeshamjua mwenyewe siku hiyohiyo.

Juu ya DFC yuko DSO, Distinguished Service Order, msalaba mweupe wa enameli wenye utepe mwekundu na kingo za buluu. Huu ulikuwepo tangu 1886 na ni wa majeshi yote, rubani akiupata mara nyingi alikuwa anaongoza kikosi, au ni kijana wa cheo kidogo aliyefanya jambo la ajabu. Mfano wa hilo la pili naupenda sana kwa sababu ni vita vya huku kwetu. Machi 1941, uwanja wa ndege wa Diredawa, Uhabeshi. Kikosi namba 3 cha Afrika Kusini, wale wa ndege za Hurricane walioanza vita hivyo kwa kuruka kutoka Kenya, waliushambulia uwanja wa Waitalia. Ndege ya kapteni wao, John Frost, ikapigwa akatua palepale karibu na adui. Luteni Bob Kershaw akateremsha ndege yake chini huku risasi zinapita, Frost akapanda, na Hurricane ina kiti kimoja, kwa hiyo alimpakata. Wakaruka hivyo, mmoja mapajani mwa mwengine, wakigawana kuiendesha, wakafika. Kershaw alipewa DSO. Frost alikuwa na DFC, akaongeza baa, akapotea jangwani Juni 1942 asionekane tena. Sasa ukiona DSO kwenye kifua cha luteni ujue kuna kisa kama hiki nyuma yake, utafute.

Victoria Cross, nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa, sitaizungumzia sana manake hutaikuta kwenye mkebe. Rubani mmoja tu wa kikosi cha ndege za kivita za kulinda Uingereza aliipata vita nzima, James Nicolson, kwa siku ya tarehe 16 Agosti 1940 aliyobaki ndani ya ndege inayowaka ili amalize kumpiga adui.

AFC, Air Force Cross, nayo usiichanganye. Utepe wa mshazari pia, lakini nyekundu na nyeupe. Ni ya ushujaa au kazi ya kuruka ambayo haikuwa mbele ya adui, wakufunzi, majaribio ya ndege na kadhalika.

Sasa nyota. Zote zina ncha sita, zote za shaba ya njano, zote zina alama ya mfalme George wa Sita katikati, na ukizunguka alama hiyo kuna jina la nyota. Kwa hiyo kama maandishi yamefifia soma utepe, rangi zina maana. Ile ya 1939-1945 ina tatu sawasawa, buluu nzito, nyekundu, samawati: wanamaji, jeshi la nchi kavu, jeshi la anga. Air Crew Europe, ambayo ndo rubani wengi wa mwanzo wa vita waliithamini, ni samawati yenye mistari ya njano na kingo nyeusi, ilipatikana kwa kuruka kutoka Uingereza kwenda juu ya Ulaya kabla ya tarehe 6 Juni 1944. Africa Star ni rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati, na pembeni buluu nzito upande mmoja, samawati mwengine. Italy Star ni nyekundu, nyeupe, kijani, nyeupe, nyekundu. Burma Star ina nyekundu pana katikati na pembeni buluu iliyopasuliwa na machungwa. Halafu zile mbili za duara za rangi ya fedha lakini sio fedha: Defence Medal, utepe wa machungwa na kingo za kijani zilizopita uzi mweusi, na War Medal, ambayo nyuma ina simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili.

Kwetu mezani zilikuwepo nyota mbili za 1939-1945, Africa Star mbili, Defence mbili, War Medal mbili, halafu Air Crew Europe moja, Italy moja, Burma moja, na msalaba. Zile za peke yake hazikunisumbua. Burma ni ya Keya bila shaka, manake askari wa Afrika Mashariki ndo walioshuka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na matope, na Bwana Ndege hakufika huko. Msalaba, Air Crew Europe na Italy ni za rubani. Lakini zile pacha, nane, ipi ya nani? Hazina jina, ni kitu kimoja kilichotoka kwenye mashine moja.

Hapo ndo tepe zilizooza zikaniokoa. Nyota moja ya 1939-1945 utepe wake ulikuwa na baa ndogo imeshonwa kwa uzi, imeandikwa Battle of Britain, yaani vile vita vya angani vya kuilinda Uingereza. Imeshonwa kwenye kitambaa, haikushikana na nyota yenyewe! Mtu akibadilisha utepe uliochakaa akatia mpya, baa inakwenda na takataka. Hiyo walipewa wale wa ndege za kivita walioruka kati ya tarehe 10 Julai na 31 Oktoba 1940 tu, watu karibu 3,000, na 544 kati yao walikufa ndani ya miezi hiyo. Baa ile ndogo ni nzito kwa historia kuliko vyuma vengine vyote mle mkebeni, na ilikuwa imeshikiliwa na nyuzi tatu. Africa Star moja nayo ilikuwa na baa ya North Africa 1942-43 ambayo ni ya wanaanga na wanamaji, ile nyengine haina kitu, nayo ndo ya babu aliyepigana na Waitalia Uhabeshi.

Zikabaki Defence na War Medal. Nikageuza tepe nikaangalia nyuma. Za Bwana Ndege ziliwahi kushonwa zote kwenye ubao mmoja wa pini ili azivae kifuani, kwa hiyo zina matundu ya sindano kwenye mstari mmoja na alama ya kukunjwa mahali pamoja. Za babu hazikuvaliwa kamwe, utepe bado una mkunjo ule wa kutoka kwenye boksi. Nililia kidogo nilipoelewa hilo. Alipewa, akaleta nyumbani, hakuvaa hata siku moja.

Kwa hiyo sasa sentensi ya Bwana Ndege yasomeka hivi: aliruka kiangazi kile cha 1940 Uingereza inalindwa, akabaki huko akivuka bahari kwenda kupigana juu ya Ufaransa na jirani zake, akahamishiwa jangwa la kaskazini ya Afrika akawa huko wakati fulani kati ya Oktoba 1942 na Mei 1943, akavuka Italia, na katikati ya hayo mwaka 1942 au 1943 akapewa DFC. Babangu alimpikia miaka kumi na moja na hakumsikia akitaja hata moja ya hayo.

Kama unayo picha ya zamani ya mwenye medali itazame kwa kioo cha kukuza. Hata picha nyeusi na nyeupe mistari ya mshazari ya DFC inaonekana, hakuna haja ya rangi. Na juu ya tepe kuna mabawa ya kushonwa, hayo ndo kitambulisho. Mabawa mawili ni rubani. Bawa moja lenye herufi pembeni ni mtu mwengine wa ndani ya ndege, mwongoza njia, mpiga bunduki na kadhalika, ambao nao walipata DFC vilevile. Mfano wa mwongoza njia ni Ulric Cross wa Trinidad, DSO na DFC, mtu mweusi ambaye baadae alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, na nadhani wengi waliosimama mbele yake mahakamani hawakujua alikotoka. Basi usiseme tu babu wa fulani alikuwa rubani kwa sababu ana DFC, hesabu mabawa.

Kama medali zina jina ukingoni au nyuma ya nyota, furahi, manake huenda mwenyewe ni wa Afrika Kusini, Australia au India, wao walizigonga majina. Ya Afrika Kusini utaijua haraka kwa sababu kuna moja ya fedha yenye ramani ya Afrika mbele na swala anaruka nyuma, imeandikwa kwa lugha mbili. Na vyeo vyao vya anga ni vya jeshi la nchi kavu, kapteni, meja, kwa hiyo barua ikisema kapteni fulani rubani, usimtafute kwenye orodha za RAF, utachoka bure.

Halafu hapa Malindi lazima niseme la Waitalia, tunaishi nao. Ndege zao ziliupiga mji huu mabomu Oktoba 1940, na wao pia walikuwa na marubani wao wa kuheshimiwa. Medali yao ya ushujaa ni ya duara, utepe wa buluu mtupu, imeandikwa Al valore militare, na ina daraja tatu, dhahabu, fedha, shaba. Rubani wao mashuhuri wa vita vya Afrika Mashariki, Mario Visintini, aliyekuwa akirusha ile ndege ya CR.42 yenye mabawa mawili, moja juu moja chini, alikufa Februari 1941 Eritrea kwa kugonga mlima, akapewa ya dhahabu. Ndugu yake, mwanamaji, naye akafa vitani akapewa ya dhahabu. Ukikuta utepe wa buluu mtupu kwenye nyumba ya zamani usidhani ni kitu cha shule.

Haya, jina sasa. Utalipata wapi kama chuma hakisemi? Kwenye makaratasi ya wale waliofanya kazi kwake. Mimi nililipata kwenye barua ya kazi ya babangu, ile wazungu walikuwa wanaandika, huyu ni mpishi mzuri na mwaminifu, chini sahihi na jina kamili. Wengine watalipata kwenye hati ya nyumba, ukurasa wa mbele wa kitabu, au kaburini. Ukishapata jina na mwaka ingia London Gazette kwenye intaneti, ndo gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, kila nishani ilichapishwa humo na kutafuta ni bure. Andika jina la ukoo pekee na weka miaka, usiandike jina lote manake mara nyingi waliweka herufi za mwanzo, na mashine iliyosoma kurasa zile za zamani inakosea herufi, jaribu na makosa pia. Jaribu kutumia namba ya jeshi kama unayo, hiyo haina pacha.

Usivunjike moyo ukikuta jina tu bila maelezo. DFC zilikuwa za namna mbili, ya papo hapo kwa tukio moja, ambayo mara nyingi utasoma kisa chake, na ya kukamilisha zamu ya mapigano, ambayo mara nyingi ni mstari mmoja kwenye orodha ndefu. Ya Bwana Ndege ilikuwa mstari mmoja. Nikaenda mbele, na hapa ndo pana utamu, kumbukumbu za taifa za Uingereza zilizoko Kew, London, wana daftari za kila siku za vikosi, zimo kwenye fungu la AIR 27, na ripoti walizoandika marubani wakishuka tu kwenye ndege, AIR 50. Mapendekezo ya nishani mengi yamo AIR 2. Baadhi zipo kwenye mtandao, unaweza kuzipakua. Kwenye daftari la kikosi niliona jina lake siku baada ya siku, karuka saa ngapi, karudi saa ngapi, nani hakurudi.

Na kama mkebeni kuna logibuku, lile daftari la rubani la kuandika kila safari, aina ya ndege, muda na kazi, basi jua umeshika kilicho bora kuliko nyota zote. Usilitenganishe na medali hata kwa siku moja, usilikunje, usitie selotepu.

Wale ambao mzee wao alitumikia jeshi la Uingereza na hakuwahi kuchukua medali zake, wapo wengi, vita viliisha watu wakaenda zao, jamaa wa karibu anaweza kuomba kwa ofisi ya medali ya wizara yao ya ulinzi akiwa na uthibitisho wa ukoo. Na ukizivaa medali za marehemu siku ya kumbukumbu, vaa upande wa kulia wa kifua, kushoto ni kwa mwenyewe tu.

Kuhusu kununuliwa. Alikuja mtu nyumbani, simtaji, akataka msalaba peke yake, nyingine akasema ni takataka nizibakishe. Pesa yenyewe haikufika hata ya boda ya mwezi. Mtu akitaka moja tu ujue anajua ipi ina thamani, na anajua ukizivunja seti hakuna atakayeweza kuisoma tena. Ukiamua kuuza ni haki yako, shida ni shida, ila uza zote pamoja na karatasi zake, na ubaki na picha.

Mwisho ni kuhifadhi, na pwani hapa ni kazi. Upepo wa kaskazi waleta vumbi, kusi yaleta unyevu, chumvi ipo mwaka mzima. Usifunge na raba, raba inaitia fedha weusi. Usitie kwenye plastiki laini ile inayonuka, wala usifunge gazeti, wala usiweke kwenye sufu. Kata kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi bila rangi, funga kila moja peke yake ili zisigongane, tia kwenye boksi la karatasi nene, na ndani weka vile vipakti vidogo vinavyokuja na viatu vipya, vinanyonya maji, ubadilishe kila baada ya miezi michache. Kabatini juu, mbali na jikoni na ukuta wa nje. Utepe ukiwa na fangasi upepee kivulini, usifue. Baa iliyolegea ishonwe na mtu mwenye mkono mwepesi kwa uzi wa pamba kwenye matundu yaleyale ya zamani.

Halafu andika. Karatasi, penseli na sio kalamu ya wino, nani, alitoka wapi, ilikujaje kwenu, nani alikwambia. Mimi nimefanya maboksi mawili sasa. Moja lina vyuma saba na barua ya kazi ya babangu, lengine lina vitano na jina la babu lote kwa herufi kubwa, la kwake, la babake na la babu yake, manake kwenye chuma hawakuliandika. Mkebe wa biskuti umerudi kwa mama na vifungo vyake.